Bulo ilitoka wapi, na juu ya nini inaondoka kwenye mashamba yetu?

Ukiuliza katika soko kuu la Butembo bulo inatoka wapi, muuzaji anaweza kukutajia Kasindi na ng'ambo ya Uganda, ao akakutajia kijiji fulani cha Lubero ambako shangazi yake bado anailima. Majibu yote mawili yanaweza kuwa ya kweli. Lakini kuna jibu la tatu, refu zaidi, linalohesabiwa kwa maelfu ya miaka, na hilo ndilo tunataka kueleza leo.

Tuanze na majina, juu hapa watu wengi wanachanganya. Kifaransa kina neno moja, «mil», linalotupiwa nafaka ndogo za kila aina, na mkulima akisikia neno hilo kwenye mkutano wa mradi hajui ni mbegu gani atapewa. Kiswahili kinazitenganisha vizuri zaidi. Mtama ni ile ndefu inayofanana na mahindi shambani, yenye punje za mviringo, nyekundu ao nyeupe. Uwele una suke refu lililosimama wima kama mshumaa. Ulezi, ambao wengine wanauita uwimbi, ni ile yenye punje ndogo sana za rangi ya udongo na suke lililogawanyika sawa vile vidole vya mkono uliokunjwa nusu. Hiyo ndiyo bulo yetu, obulo kwa Kinande na Kikonzo, eleusine kwa Kifaransa cha shuleni.

Kila moja ya nafaka hizo ilizaliwa kwake. Mtama ulianza mashariki mwa Sudani, upande wa Kassala, ambako alama za punje zake zimeonekana ndani ya vipande vya vyungu vyenye zaidi ya miaka 5,000. Uwele ulianza upande wa Sahel. Ushahidi wa zamani sana unatoka bonde la Tilemsi, kaskazini mwa Mali, karibu miaka 4,500 iliyopita. Na bulo? Bulo ilizaliwa katika milima ya Afrika ya mashariki, katika ukanda unaokwenda kutoka Ethiopia hadi Uganda. Yaani kwa jirani. Mahindi yalivuka bahari ili kutufikia, muhogo pia, viazi pia. Bulo ilivuka mito tu.

Jani la kando ya njia

Kuna jani moja unalolijua hata kama hujui jina lake. Linaota kando ya njia, kwenye viwanja vya mpira, katikati ya mawe ya uwanja wa nyumba. Ukilikanyaga haliumii, ukiling'oa linakukatalia. Juu yake lina vidole vyembamba vya kijani. Wataalamu wanaliita Eleusine indica, na uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba jani hilo ni mmoja wa wazazi wawili wa bulo. Mzazi wa pili bado hajatambuliwa. Labda alishapotea duniani.

Kutokana na wazazi hao likatokea jani la pori lenye punje nyingi kidogo, ambalo mpaka leo linaota Afrika ya mashariki. Punje zake zinaanguka chini zenyewe zikikomaa. Kwa jani la pori hiyo ni faida, linajipanda lenyewe. Kwa mama mwenye kikapu ni hasara. Yeye alivuna masuke yaliyobaki na punje zake, yale ambayo, tuseme, yalikuwa na kasoro ya kutodondosha. Mwaka uliofuata alipanda sehemu ya hizo. Kisha binti yake akafanya hivyo, na mjukuu. Baada ya vizazi vingi ile kasoro ikawa tabia ya shamba lote, na mmea ukafikia mahali ambapo hauwezi tena kujipanda bila mkono wa mtu. Ndiyo maana ya nafaka kufugwa. Hakuna mtu mmoja aliyegundua bulo, na kama ingelikuwa lazima kumjengea mtu sanamu, ningelisema wamjengee mwanamke aliyeinama.

Undugu huo na jani la njia una bei yake. Bulo ikiwa changa na lile jani likiwa changa, zinafanana mno. Wakati wa kupalilia unahitaji jicho lililozoea, na vidole vyenye subira. Tutarudi kwenye jambo hili, maana ni sababu mojawapo ya bulo kuachwa.

Mbegu iliyoungua ndiyo inayosema

Wasikilizaji wanatuuliza mara nyingi: hawa watu wa Ulaya na Amerika wanajuaje kitu kilicholimwa miaka elfu moja iliyopita, wakati sisi hatujui hata babu wa babu yetu alilima nini?

Nafaka inaoza, inaliwa, inapanda tena. Inayobaki ni ile iliyoharibika kwa moto. Punje zinadondoka kwenye mafiga, zinageuka makaa, na makaa hayaozi. Mchimbaji anakamata udongo wa mafiga ya zamani, anaumwaga ndani ya maji. Udongo unazama, makaa yanaelea. Anayachuja, anayakausha, kisha anatazama punje moja moja kwa hadubini. Punje ya bulo haifikishi milimita mbili, kwa hiyo bila maji inapita tu kwenye chekecho na hakuna anayeiona. Njia hii ilianza kuenea miaka ya 1960. Baadaye punje yenyewe inapelekwa maabara, wanapima kaboni iliyomo, na wanapata umri wake.

Mfano mzuri uko Kakapel. Ni pango la mwamba magharibi mwa Kenya, katika kaunti ya Busia, karibu na mlima Elgon na mpaka wa Uganda. Watu wamepita hapo kwa muda wa miaka 9,000 hivi. Mwezi wa Julai 2024 kundi lililoongozwa na Natalie Mueller, wa chuo kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, pamoja na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, lilitangaza kile maji yalichoelea nacho. Kunde moja ilipimwa ikakutwa na miaka 2,300. Mtama ulionekana baadaye, umefika hapo angalau miaka 1,000 iliyopita. Bulo pia: mamia ya punje, za angalau miaka 1,000. Na katikati ya hizo kukawa na njegere moja iliyoungua bila kuvunjika. Ndiyo, ile ile petipoa ambayo watu wa Lubero wanaiuza kwa mfuko.

Juu ya nini habari hiyo ituhusu sisi wa ng'ambo hii? Kwa sababu inavunja picha tuliyofundishwa shuleni. Tuliambiwa Wabantu walikuja kwa msafara mmoja, jembe la chuma begani, mfuko wa mbegu kichwani, wakisukuma wengine mbele yao. Pale Kakapel mambo hayakwenda hivyo. Kunde ilifika wakati wake, mtama wakati wake, ng'ombe wakati wake, na watu waliendelea kuwinda na kuvua huku wakijaribu kitu kipya shambani. Kila mmea ulipita kwa jirani kabla ya kuingia nyumbani. Mimi naona picha hiyo inafanana zaidi na maisha yenyewe: hata leo mkulima wa Oicha hapandi kakao kwa sababu kabila lake limehama, anapanda kwa sababu shemeji yake alipanda na akaona matunda.

Hapa kwetu, kabla ya jembe

Ardhi yetu haikuwa tupu ikingojea bulo. Ishango, ndani ya teritware ya Beni, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 na kukuta vyusa vya mifupa, mabaki ya samaki na ule mfupa maarufu wenye mistari ya kuhesabu, ambao leo uko Brussels. Una umri wa karibu miaka 20,000. Watu wa Ishango walikuwa wavuvi hodari na hawakulima kitu. Kwa maelfu ya miaka Semliki iliwalisha bila shamba hata moja. Kilimo hakikuja kuwaokoa watu wajinga, kilikuja kuongeza njia moja ya kuishi juu ya zingine.

Wale waliokuja baadaye wakisema lugha za Kibantu walitoka upande wa magharibi, katika misitu, wakiwa na viazi vikuu na mchikichi. Uwele ulifuata njia ya msitu huo huo. Punje zake zilizoungua zimepatikana kusini mwa Kameruni, zina zaidi ya miaka 2,000, na hata katika bonde letu la Kongo, kwenye mto Lulonga, mahali panapoitwa Boso-Njafo. Wengi wanashangaa: uwele ni mmea wa ukavu, ulifanya nini katikati ya msitu? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba wakati ule majira ya kiangazi yalirefuka, msitu ukafunguka mahali pengi, na uwele ukapata jua.

Huku kwenye Maziwa Makuu nafaka zilipita njia nyingine. Mwanahistoria David Schoenbrun alilinganisha maneno ya lugha za eneo lote hili, maneno ya shamba, ya ng'ombe, ya ghala. Lugha inatunza kumbukumbu ambayo mwenye kuisema amesahau: ukikopa kitu kwa jirani, mara nyingi unakopa na jina. Alionyesha kwamba Wabantu wa kwanza wa Maziwa Makuu walijifunza mambo mengi ya nafaka na mifugo kutoka kwa majirani waliosema lugha za Kisudani na zingine za kaskazini. Ukitaka kusikia jamaa wa lugha hizo leo, huhitaji kwenda mbali: ziko Ituri, Walendu wanazisema, Walugbara wanazisema.

Kisha tazama neno bulo lenyewe. Mnande anasema obulo. Mkonzo wa Kasese anasema obulo. Muganda, obulo. Mnyoro na Mnyankole, oburo. Mnyarwanda na Mrundi, uburo. Neno moja, kutoka Lubero mpaka ziwa Victoria na mpaka Burundi. Huko Rwanda wachimbaji wamekuta punje za nafaka hizi katika udongo wa miaka elfu mbili ya mwisho. Mpaka kati ya Kongo ya Wabelgiji na Uganda ya Waingereza ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, ukakata Wanande na Wakonzo vipande viwili kama mkate. Neno obulo lilikuwa limeshavuka Semliki karne nyingi kabla ya hapo, na halikuonyesha karatasi kwa mtu.

Wazee wetu wanasimulia kwamba mababu walitoka upande wa Kitara wakavuka Semliki na kupanda milima. Milima hiyo iliifaa bulo. Butembo iko juu ya mita 1,700, na bulo inakubali kutoka mita 500 hivi mpaka karibu 2,400. Nafaka inataka mvua ifike siku zake: punje ndogo ikipandwa kwenye vumbi, ikapata mvua moja kisha jua la wiki tatu, mwaka umeharibika. Randall Packard, aliyeandika kitabu juu ya utawala wa Bashu mwaka 1981, anaeleza jinsi mwami alivyokuwa mtu wa mvua na njaa, siyo mtu wa amri tu. Mimi naisoma hivi: katika nchi inayokula muhogo, mwami wa mvua hana kazi kubwa. Katika nchi inayokula bulo, maisha yote yanamtazama.

Juu ya nini iliachwa

Hapa tusidanganyane. Bulo haikuachwa kwa sababu watu walidharau mambo ya mababu. Iliachwa kwa sababu inachosha.

Inataka udongo uliosagwa vizuri. Inataka kupaliliwa mara mbili, na kupalilia ni ile kazi ya kutofautisha mtoto halali na lile jani la njia. Inavunwa suke kwa suke, kwa kisu. Inakaushwa, inapigwa, inapepetwa kwenye lungo, inasagwa. Karibu kila hatua ni mgongo wa mama. Muhogo ulipofika, mmea wa Amerika ulioletwa na Wareno kwenye pwani ya Atlantiki na kupanda polepole mpaka bara, ulimpa mama huyo chakula kingi zaidi kwa siku chache zaidi za kazi, tena unangoja ardhini mpaka atakapokuwa na nafasi. Mahindi nayo yana ganda linaloficha punje, na suke moja linajaza mkono.

Juu ya hiyo kukaja nguvu. Tangu mwaka 1917 serikali ya kikoloni ililazimisha mimea fulani kwa amri, na asiyelima alipata faini ao kifungo. Mimea hiyo ilikuwa ile yenye soko kwa Mzungu, pamoja na ile ya kulisha wafanyakazi kwa bei ya chini. Bulo haikuwa katika hesabu zao. Baadaye kahawa ikaja, ngano na viazi kwenye milima ya baridi, kisha kinini, kisha kakao upande wa Beni. Shamba la mkulima ni moja tu, na kila kitu kipya kinakamata nafasi ya kitu fulani.

Kwa hiyo mimi siwezi kumwambia mama wa Musienene aache muhogo. Angenicheka, na angekuwa na haki. Swali langu ni lingine: tumeacha nini pamoja na bulo?

Nafaka inayongoja

Tumeacha akiba. Punje ya bulo ni ndogo na ngumu kiasi kwamba wadudu wa ghala wanashindwa nayo. Ikikauka vizuri na kufungwa, inakaa miaka mingi ikiwa inalika, na wataalamu wanataja miaka kumi bila shida. Mahindi yasiyo na dawa yanatobolewa na wadudu kabla ya msimu mwingine kufika. Cosette ya muhogo inashika ukungu. Ndizi hazina ghala, na tangu ugonjwa wa mnyauko ulipoonekana Masisi mwaka 2001, tumejifunza kwamba hata bustani ya ndizi ya urithi inaweza kufa mbele ya macho yako.

Jambo hili lina uzito wake pekee kwetu, kwa sababu sisi tunakimbia. Tangu Oktoba 2014 vijiji vingi vya Beni vimeachwa, vikarudiwa, vikaachwa tena juu ya mauaji. Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23, na watu wa kusini mwa Lubero wakapanda barabara kuja upande wa Butembo na magodoro kichwani. Anayekimbia anaacha muhogo ardhini, na mwingine anaung'oa. Akirudi baada ya misimu mitatu hata vijiti vya kupanda hakuna, maana kijiti cha muhogo kinakauka haraka kikikatwa. Lakini kilo tano mpaka kumi za mbegu ya bulo zinatosha hektari nzima ikimwagwa kwa mkono, na pungufu ya hapo ikipandwa kwa mistari. Mbegu ya shamba la jamaa moja inaingia kwenye chupa ya maji. Mtu anaweza kukimbia nayo.

Tumeacha pia kitu fulani cha watoto. Gramu 100 za bulo zina karibu miligramu 340 za kalsiamu, ile inayojenga mifupa. Maziwa ya ng'ombe yana karibu 120 kwa uzito huo huo, na mahindi hayafikishi 30. Bulo ina chuma pia, ingawa mwili unakamata sehemu ndogo tu ikiwa punje haikutayarishwa. Ndiyo sababu desturi ya zamani ya kuchipusha ina akili ndani yake: lowesha punje usiku mmoja, zifunike kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili ao tatu mpaka zitoe mkia, zianike zikauke kabisa, kisha saga. Unga huo unafanya uji kuwa mwepesi, hivyo mama anaweza kuweka unga mwingi zaidi na mtoto akameza bila kukwama. Ukiona ukungu, hata kidogo, tupa zote.

Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa nafaka hizi ndogo, kwa ombi la India, nchi ambako bulo yetu ilifika zamani sana na ambako watu wa Karnataka wanailia bugali hadi leo wakiiita ragi. India ina maabara, bei ya serikali na viwanda vya biskuti za bulo. Ghala la mbegu la shirika la utafiti ICRISAT lina zaidi ya aina 7,000 za bulo. Huko Uganda kituo cha Serere kinatengeneza aina zinazovumilia ule ugonjwa unaokausha shingo ya suke. Ni kazi nzuri. Lakini mbegu iliyowekwa kwenye baridi ya India haijui tena mvua ya Kyondo, na aina iliyolimwa kwenye kilima kimoja kwa vizazi ikikosa mtu wa kuipanda, inaisha bila mtu kuandika tarehe.

Kwa mwenye mbegu ya zamani nyumbani, jambo la kukumbuka ni kwamba bulo inayolika siyo lazima iwe bulo inayoota. Ya kula inakaa miaka, ya kupanda inapoteza nguvu polepole, hasa ikiwekwa karibu na moshi na joto la jiko. Kabla ya msimu A, unaoanza mwishoni mwa Agosti, hesabu punje 100, zitandaze juu ya kitambaa kilicholoweshwa, zifunike, na uongeze maji kidogo kila asubuhi. Baada ya wiki moja hesabu zilizoota. Zikiwa 80 ao zaidi, panda kama kawaida. Zikiwa 40, panda kiasi mara mbili. Zikiwa tano, usizile zilizobaki: zipande zote kwenye kipande kidogo karibu na nyumba, palilia kwa mkono, na mavuno yote ya kwanza uyaweke kuwa mbegu.